Nilianika Goti Soga

Ufunguo wa nyumba yangu ya Kisarawe aliuchukua mwanangu siku niliyoanguka. Nilianguka mlangoni kwangu mwenyewe, nimebeba sufuria ya kunde. Goti la kulia lilikataa tu, kama punda. Nikakaa chini na kunde zangu mpaka mdogo wangu, ambaye nyumba yake iko hatua chache kuteremka kilima, alipokuja kuomba chumvi akanikuta. Yeye ndiye aliyempigia mwanangu simu. Mwanangu akaja na gari pamoja na mkewe, akaniinua, akafunga mlango kwa nje, na ufunguo akautia kwenye kishada chake, pamoja na wa gari na wa kabati la ofisini kwake, kule bandari kavu ya Kwala.

"Utakaa kwangu Soga, mama," akasema. "Mpaka upone."

"Nikipona, ufunguo unarudi?"

"Unarudi."

Mkewe alisikia. Ni shahidi.

Basi haya ninayoandika ni habari ya ufunguo ule na goti hili. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea kwenye Biblia na kwenye makaratasi ya dawa, kwa hiyo atakayeona nimeweka nukta pasipo pake aisogeze mwenyewe. Jambo jingine: majina ya watu wote nayakumbuka. Ya manesi, ya wagonjwa waliolala kulia na kushoto kwangu, ya watoto wao, hata ya watu niliowaona mara moja kwenye msiba. Wajukuu huniuliza mimi kabla ya kuiuliza simu. Lakini humu sitaandika hata moja. Atakayejitambua, shauri yake.

Ugonjwa wenyewe ulianza zamani, nilipokuwa nanyonyesha mtoto wangu wa mwisho. Magamba meupe kwenye viwiko, kisha magotini, kisha kichwani, yanadondoka kama pumba za mahindi. Watu wakasema ukoma. Hospitali ya misheni wakasema si ukoma. Watu wakasema basi nimelogwa. Mchungaji akasema sikulogwa. Watu wakasema basi nimekula samaki wa mwiko wa kwetu. Hapo nikaacha kuwajibu, maana mwenye jibu lake mfukoni humpi la kwako.

Kilichonichoma hakikuwa maneno. Kilikuwa sinia. Kwetu msibani wanawake hula sinia moja, mikono sita au saba inaingia pamoja. Mimi nikitia mkono, mwenzangu wa kulia anakumbuka kwamba ameshiba. Wa kushoto anaitwa na mtoto ambaye hata halii. Mmoja mmoja wanasimama wakijipangusa, nabaki mimi na wali. Nimeachiwa sinia zima peke yangu mara nyingi, na kila mara nililimaliza. Sikula kwa njaa. Nilikula ili wakirudi kuangalia kama nimeondoka kwa aibu, wakute sinia jeupe.

Miaka ikaenda, vikafuata viungo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikavimba vizima vizima kama mihogo. Kucha zikawa na vitobo kama kastabini ya fundi cherehani. Kisha magoti. Zahanati waliniambia baridi yabisi, wakanipa vidonge vya maumivu, nikavimeza miaka na miaka, na magamba wakanipa mafuta ya kupaka. Hakuna aliyewahi kuyaweka hayo mawili kwenye mstari mmoja mpaka mkwe wangu, huyo mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu na hapendi swali lisilo na jibu, aliponipeleka hospitali kubwa ya Dar. Daktari wa kule alitazama kucha zangu kabla hata ya goti.

"Bibi, ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja. Soriasi. Ile kinga ya mwili wako, badala ya kupigana na maradhi, inapigana na wewe mwenyewe."

"Basi imepata mtu wa kupigana naye," nikamwambia.

Akaniandikia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akasisitiza mara moja, siyo kila siku, nikachagua Jumamosi. Goti akalipeleka kwa daktari wa mifupa. Huyu alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono minene kama ya mwashi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

Akainua picha ya goti kwenye mwanga. "Limekwisha hili. Mfupa unasaga mfupa."

"Nalisikia. Linalia kama kinu kikavu."

"Tunaweza kukuwekea goti la bandia. Ila kuna hili." Akapapasa magamba yaliyokaa juu ya goti, duara kubwa kama kisahani cha chai. Nilimtazama usoni kama atavuta mkono. Hakuvuta. "Hapa ndipo nitakapopita na kisu. Ndani ya magamba haya vijidudu hujificha. Nikipita hapa navisukuma ndani kwenye chuma, na vikishafika huko, bibi, kuvitoa ni vita nyingine. Kwa hiyo safisha mlango kwanza. Paka dawa hii asubuhi na jioni, rudi baada ya wiki sita. Nikikuta ngozi imetulia, nakupangia siku."

Wiki sita. Mwanangu aliniambia ni muda mfupi. Muda mfupi ni wa mtu anayekwenda kazini. Mimi nilikuwa naketi kwenye kiti cha plastiki Soga, natazama treni ya umeme ikipita, naletewa chai, naondolewa kikombe, naulizwa kama nasikia baridi. Nikiinuka, mtu anasema bibi unataka nini, tukuletee. Nilikuwa nataka kuinuka.

Wiki ya nne ukatokea msiba Kisarawe, nikapelekwa, nikalala kwa mdogo wangu siku tatu. Kuipita nyumba yangu imefungwa, majani yamefika dirishani, kulinivuruga akili. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Magamba yalikuwa yamepungua, lakini bado yapo, na mdogo wangu alikuwa uani anabangua korosho. Pembeni alikuwa na chupa ya mafuta ya maganda, yale meusi mazito tunayopaka milango ili mchwa wasile. Mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa yanavyochoma. Tulipokuwa wasichana tulijichora nayo alama mikononi, ngozi inababuka, inabaki chapa. Wengine huondolea sugu za kisigino.

Nikaitazama chupa. Nikatazama goti.

"Dada, hapana," mdogo wangu akasema kabla sijafungua mdomo. Ananijua.

"Kama yanatoa ngozi iliyo hai, yatashindwaje na iliyokufa?"

"Daktari si kakupa yake?"

"Ya daktari inakwenda kwa miguu. Mimi nataka inayokwenda kwa treni."

"Mimi simo."

"Basi nipe unyoya wa kuku na ugeuke ukutani."

Ukoo mzima baadaye walimlaumu yeye. Walisema wale wanawake wa kule mlimani na dawa zao. Kwa hiyo naandika hapa, na liandikike: chupa niliichukua mimi, unyoya niliuchovya mimi, na goti ni langu. Nilipaka duara lote, vizuri, kama mtu anayepaka fremu ya mlango.

Asubuhi yake goti lilikuwa limeinua malengelenge. Siku ya tatu likawa kidonda. Na mwili wangu una tabia moja ambayo siku ile sikuijua: ukiuchuna, unaotesha magamba palepale kwenye jeraha, manene kuliko ya kwanza. Mlango niliotaka kuufungua haraka, nilikuwa nimeujengea ukuta.

Wiki ya sita, mbele ya daktari wa mifupa, nilidanganya.

"Niliungua na uji."

Akainama, akatazama kwa muda. "Uji gani huu, bibi, unaounguza duara zima na kukoma ukingoni, haukudondoka hata tone moja?"

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema ukweli. Daktari hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliandika kitu kwenye faili, kisha akasema, "Siku niliyokuwa nikuwekee imekwenda. Kidonda kipone kwanza, kisha magamba, kisha tuonane. Inaweza kuwa miezi minne." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na jua la asubuhi, bibi. Nusu saa, juu ya goti. Linasaidia sana ngozi hii."

Kwenye ukumbi wa nje mwanangu aliketi, akaweka mikono magotini kwake, magoti mazima.

"Mama, umejaribu. Sasa basi. Tulia, tukutunze."

"Na ufunguo?"

"Nyumba isiyo na mtu inakufa, mama. Kuna mwalimu anatafuta pa kupanga kule. Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, atahamia."

Ilikuwa Aprili. Mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati ya ule ukumbi, nikajifanya sikusikia, akarudia. Akarudia kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha. Mtoto akikupigia kelele unajua bado anakuhesabu. Akianza kukupoza kama mtoto mchanga, umekwisha.

"Nipe mpaka shule zifungwe," nikasema. "Nikiwa bado nakokota mguu, mwalimu aingie. Nikiwa natembea, niingie mimi."

Akasema, "Haya." Nadhani alisema ili tuondoke.

Kidonda kilipofunga, nikaanza kuanika goti.

Nyumba ya mwanangu iko kandokando ya njia ya kwendea stesheni. Asubuhi watu wengi hupita pale, wengine wanakwenda Dar, wengine wanasubiri gari la viwandani Kwala. Mimi natoa kiti uani, nakielekeza mashariki, napandisha kanga juu ya goti, nakaa. Mguu umenyooka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Siku ya kwanza mkwe wangu alitoka na daftari zake za shule, akasimama.

"Mama, watu wanapita."

"Wapite."

"Kuna kule nyuma ya jiko, pana jua pia."

"Nyuma ya jiko nimekaa miaka arobaini, mwanangu. Mikono mirefu, gauni refu, kiangazi na masika. Magamba hayakuona haya. Mimi ndiye niliyeyaonea haya kwa niaba yake. Leo nimechoka."

Akanitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na mto, akauweka juu ya ndoo chini ya kisigino changu. Akaenda shule.

Maneno yalikuja, tena mengi. Jirani mmoja, mzee wa rika langu, alisimama kabisa, ameshika fimbo.

"Bibi, funika mguu. Hadhi yako."

"Goti hili lina miaka sabini na kitu, jirani. Kama bado linakutamanisha, mwenye kuhitaji daktari ni wewe."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Toka siku hiyo akawa anapita upande wa pili wa njia, ananisalimu kwa kuinua fimbo.

Lakini kulikuwa na mwanamke mwingine, wa viwandani, bado kijana, kila siku blauzi ya mikono mirefu imefungwa mpaka vifungo vya mwisho. Kila asubuhi alikuwa ananipa shikamoo na jicho lake likibaki gotini. Wiki ya tatu akasimama.

"Bibi, hayo ni nini?"

Nikamwambia jina la ugonjwa. Nikamwambia hauambukizi, hata mkila sinia moja, hata mkilala kitanda kimoja. Nikamwambia siku ya kidonge na habari ya jua. Habari ya mafuta ya korosho pia nikamwambia, yote, na unyoya. Hakucheka. Alitazama huku na huku, akafungua kifungo kimoja, akapandisha mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko.

"Vuta ndoo nyingine," nikamwambia. "Gari lenu si bado?"

Tukawa tunaanika wawili. Mwezi wa saba goti langu lilikuwa na ngozi. Rangi haikuwa sawa, chapa ya mafuta ipo mpaka leo, lakini ngozi laini, haidondoki. Daktari alipitisha kidole, akapitisha tena.

"Umefanya nini, bibi?"

"Nimelianika."

Akanipangia Agosti.

Watu hudhani upasuaji ni kulala na kuamka. Mimi walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, kichwa kikabaki hai. Waliweka pazia la kijani kifuani, nisione. Lakini masikio hawakuyawekea pazia. Nilisikia msumeno. Nilisikia nyundo, ko, ko, ko, kama mafundi wanaopaua nyumba. Mwili wote ulikuwa unatikisika nayo, hauumi, unatikisika tu. Nesi aliyekaa kichwani kwangu aliona midomo yangu inacheza.

"Unasali, bibi?"

"Nahesabu."

Nilikuwa nayataja majina. Wote walioinuka kwenye sinia, kuanzia msiba wa kwanza. Kila nyundo jina, na jina la baba yake. Yule aliyeitwa na mtoto asiyelia, ko. Yule aliyejifuta mkono kabla hajala, ko. Yule aliyekuja kwangu kesho yake kuazima kinu, ko. Nilidhani nyundo itaisha kabla ya majina, maana niliona ni mengi. Majina yakaisha kwanza. Nyundo bado inapiga. Nikatafuta wengine, sikupata, ikabidi nigeukie waliobaki kwenye sinia. Walikuwa wawili tu. Mdogo wangu, na mwanamke mmoja wa jirani ambaye sasa ni marehemu, ambaye alikuwa akinivutia nyama upande wangu kwa kidole chake bila kusema neno. Nikayarudia majina hayo mawili, moja na moja, moja na moja, mpaka mafundi wakanyamaza.

Kuanzia hapo wale wengine nimewaacha. Sikuwasamehe, ila hawana kazi tena kwangu.

Kesho yake wakanisimamisha. Mwanamke wa mazoezi, mnene, mcheshi, alinishika kiunoni na kuniambia nikanyage. Nikakanyaga. Siku zilizofuata kazi yake ilikuwa kukunja goti, na kukunja kule ndiko kulikokuwa kisu chenyewe.

"Piga kelele, bibi. Hapa hakuna kesi."

"Kunja."

"Machozi yanakutoka."

"Hayo ni ya macho. Wewe uko na goti. Kunja."

Kabla ya kuniruhusu, daktari wa mifupa alinipa miko yake, naye akaisema akihesabu kwa vidole vyake vinene. Nisichuchumae. Nisipige magoti. Nisikae mkekani wala kwenye kigoda kifupi.

"Na mbuzi?" nikauliza.

"Mbuzi gani?"

"Ya kukunia nazi. Ni fupi kuliko kigoda."

"Mbuzi ndiyo kabisa, bibi. Labda uikune nazi umekaa juu ya meza." Akacheka mwenyewe. Mimi sikucheka, nililiweka lile neno akilini.

Soga nikatembea. Kwanza na chuma cha kutembelea, kisha na mkongojo, kisha na mkongojo nilioushika kwa heshima tu. Magamba yalijaribu kuota kwenye kovu, mstari mwembamba mweupe, nikayawahi kwa dawa na jua. Kanisani, kwenye Meza ya Bwana, wenzangu hupiga magoti. Mimi nikasimama katikati yao kama nguzo. Mama mmoja akanong'ona kwamba ni kiburi. Bwana ndiye aliyenipa goti la kwanza na akamruhusu fundi kunipa la pili, anajua lipi linakunjika.

Novemba ikaisha. Nikamwambia mwanangu, sebuleni, mkewe akisikia, "Shule zinafungwa wiki ijayo. Ufunguo."

"Mama, kupona si kutembea uani. Kule ni mlima. Maji yako mbali. Mwaka mpya ukipita, tutaongea."

"Mwalimu umemwambia asije?"

"Tutaongea, mama."

Nimeishi vya kutosha kujua kwamba "tutaongea" ni hapana iliyovaa shati safi.

Jumatano yake mwanangu yuko Kwala. Mkwe wangu aliniwekea begi mlangoni, amelipanga vizuri, na dawa zangu juu, na tiketi ya treni aliyoikata kwa simu yake.

"Mimi mama sijui kitu," akasema, akinifunga kilemba. "Nilikuwa nasahihisha mitihani."

"Sahihisha, mwanangu."

Kituoni Soga kuna mlango wa ukaguzi; ukipita nao ukalia kwa sababu ya chuma, unasimamishwa. Mimi nilipita, ukalia. Nikarudi, nikapita tena, ukalia. Askari, binti mdogo mwenye kofia, akaja.

"Shikamoo bibi. Una chuma gani?"

"Marahaba. Nina goti."

"Mfukoni, bibi. Una nini mfukoni?"

Nikaweka mkongojo, nikapandisha kanga mbele ya abiria wote, nikamwonyesha kovu kutoka juu mpaka chini. "Hili. Nalo sitaliacha hapa."

Watu wa kwenye foleni wakapiga makofi, sijui kwa nini. Binti akaniamkia mara ya pili, kana kwamba ile ya kwanza haikutosha, akanipitisha.

Nikashuka Pugu, nikachukua bajaji mpaka Kisarawe. Pale mwinuko wa kwetu unapoanza nikamwambia dereva inatosha. Nilitaka kuupanda mwenyewe. Nilisimama mara nne. Mara ya tatu mdogo wangu aliniona akiwa uani kwake, akaweka mikono kichwani, nikamwonyesha kidole kwamba asiniguse. Akatembea nyuma yangu mpaka juu, analia na kunitukana.

Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo uko Kwala. Hilo nilikuwa nimeshalifikiria kwenye treni. Tukamwita seremala wa pale chini. Nikampa kazi mbili. Ya kwanza, atoe kitasa, aweke kipya. Ya pili nilimletea mbuzi yangu ya kukunia nazi.

"Ifungie miguu. Mirefu, ifike hapa." Nikamwonyesha kiunoni. "Na pa kukalia pawe kama kiti cha ofisini."

Akaigeuza geuza mkononi. "Bibi, tangu nizaliwe sijaona."

"Na mimi tangu nizaliwe sikuwa na goti la chuma. Funga miguu."

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nyuma, nimeketi juu ya mbuzi yangu, goti limetulia pembe nzuri, nazi inalia chini ya mikono. Mdogo wangu na majirani wawili walikuwa mkekani wanachambua mchele.

"Hii siyo mbuzi tena, ni twiga," mmoja akasema.

"Twiga anakula ya juu," nikamjibu. "Ninyi endeleeni na majani."

Wanaendelea kucheka, nikasikia gari. Mlango wa gari. Kisha kule mbele nikasikia ufunguo unaingia kwenye kitasa. Ukazunguka robo, ukakwama. Ukatoka. Ukaingia tena. Wanawake wakanitazama. Mimi nikaendelea kukuna. Ufunguo ukajaribiwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayefikiri kosa ni la mkono wake.

"Mama?" Sauti ya mwanangu, mlangoni. "Mama, mlango haufunguki."

"Unafunguka," nikasema kwa sauti ya kumfikia. "Ila nyumba ya mtu haiingiwi kwa ufunguo, baba. Kuna namna yake. Nilikufundisha ukiwa hujafika hapa kiunoni."

Nilisikia kishada chake kinatikisika, kisha kinarudi mfukoni. Nazi yote ikaisha kwenye kifuu, nami sikuchukua nyingine.

"Hodi," akasema.

Niliteremka kwenye mbuzi yangu, bila mkongojo, nikapita sebuleni kwangu, hatua kumi na moja, nikafungua kwa ufunguo wangu.

"Karibu."

Alikuja na mkewe. Alinitazama miguuni kwanza, kisha usoni, na sikuona hasira niliyoitayarishia maneno. Akasema tu, "Mwalimu nitamtafutia kwingine." Mchana tulikula sinia moja, juu ya meza, sote sita, na mtu wa kwanza kuinuka nilikuwa mimi, kwenda kuongeza mchuzi.

Goti la kushoto limeanza kulia siku hizi. Nimeshaonana na daktari, naye amelitazama juu ya ngozi kabla ya kulitazama ndani. Kila asubuhi nalitoa mbele ya nyumba, juu ya ndoo, jua linapopanda kutoka Pugu. Mafuta ya chupa ya mdogo wangu yako kwenye fremu ya mlango, nimeyapaka mara mbili, na mchwa hawajarudi.